Sindano au leza? Ulinganisho kwa mgonjwa wa sukari aliyeambiwa retina imeathirika

Umetoka kliniki ya macho ukiwa na picha ya retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, umeambiwa kuna sindano na kuna leza. Pengine umeelezwa pia kwamba sindano zenyewe ni za aina kadhaa, moja bei yake inafikika na nyingine inatisha. Ukifika nyumbani kila mtu ana lake: jirani anasema sindano ya jicho inapofusha, shemeji anasema leza ni mambo ya zamani. Hapa nimeziweka njia nne (sindano ya Avastin, sindano za Eylea na Lucentis, leza, na steroidi) kando kwa kando na kuzipima kwa vipimo vilevile, nikimfikiria mtu anayetibiwa Kisumu, Nakuru, Kakamega au Eldoret, ambaye nyumbani kwake huenda ni Bondo, Molo au Butere.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Watu wengi huanza kwa kuuliza dawa ipi ina nguvu zaidi. Mimi ningeanza na swali jingine: je, utaweza kurudi kliniki kila unapotakiwa, mwaka mzima na zaidi? Jibu la swali hilo hubadilisha mengi, na kwa baadhi ya wagonjwa linaamua kama jicho litapona au litapotea.

Protini moja, kazi nyingi

Njia zote nne zinakabiliana na protini iitwayo VEGF pamoja na madhara yake. Seli zikikosa oksijeni huitoa protini hii, nayo huamsha mishipa ya damu ichipue kuelekea pale panapokosa hewa. Mwaka 1983 Donald Senger na Harold Dvorak, watafiti wa Boston, walieleza juu ya kitu kinachofanya mishipa ya damu ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake katika kampuni ya Genentech kule California walitenga protini inayochipusha mishipa. Ikaja kubainika kwamba ni kitu kimoja. Jinsi seli inavyotambua kwamba oksijeni imepungua, hadi ikaagiza VEGF itengenezwe, ni sehemu ya kazi iliyowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019.

Bila protini hii hakuna mtu ambaye angezaliwa. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba panya akikosa nakala moja tu kati ya mbili za jeni yake, hufa akiwa bado tumboni. Ndiyo inayojenga mishipa ya mtoto mchanga kabla hajazaliwa, inayosaidia kidonda kufunga, inayoongeza mishipa midogo kwenye misuli ya wakimbiaji wanaopanda vilima vya Iten, na inayolinda vichujio vya figo. Ikizuiwa mwilini mzima, mambo huharibika. Mwaka 2003 timu ya Ananth Karumanchi ilionyesha kwamba katika ile hali ya hatari ya presha ya ujauzito, kondo la nyuma humwaga kwa wingi protini inayoikamata VEGF, na presha ya mama hupanda huku mkojo ukitoka na protini.

Kwa upande mwingine, VEGF hiyohiyo hutumiwa na uvimbe wa saratani kujitafutia damu, jambo ambalo Judah Folkman alilipendekeza tangu mwaka 1971, kabla protini yenyewe haijajulikana. Na katika jicho la mgonjwa wa sukari inafanya kazi yake mahali pasipofaa. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa midogo ya retina huziba. Sehemu zilizokosa hewa huita VEGF, na mishipa inayochipuka huwa kama mabomba yaliyounganishwa kwa haraka: yanavuja, na siku moja yanapasuka.

Kutokana na hayo kuna matatizo mawili, na ni lazima ujue lako ni lipi. La kwanza ni kuvimba kwa makula, yaani kile kitovu cha retina tunachosomea na kutambulia sura; maji yamevuja na kutuama hapo. La pili ni mishipa mipya inayoota juu ya retina, ambayo ikipasuka hujaza jicho damu, na ikikauka na kuwa kovu huivuta retina mpaka ibanduke. Jicho moja laweza kuwa na yote mawili.

Hii pia ndiyo sababu dawa huchomwa ndani ya jicho. Mgonjwa wa saratani mwenye kilo 70 anayepewa miligramu 5 za Avastin, dawa inayozuia VEGF, kwa kila kilo hupata miligramu 350 kwenye mshipa. Jicho hupewa 1.25. Mtu wa sukari mwenye kidonda mguuni anaihitaji VEGF yake pale mguuni, kwa hiyo hatutaki dawa nyingi izunguke mwilini.

Vipimo vya kulinganishia

Kwa kila njia nitauliza: inatibu tatizo lipi kati ya yale mawili, inadai safari ngapi, gharama yake ikoje, hatari yake ni ipi, na inamfaa nani. Bei za shilingi sitaziandika kwa sababu hutofautiana kati ya kituo na kituo na hubadilika. Uliza kituoni, na uulize pia SHA, bima ya afya ya taifa, italipa nini hasa: dawa, kuchomwa, picha, au hakuna kati ya hivyo.

Avastin

*Tatizo inalotibu.* Yote mawili. Kwenye kichupa utaona imeandikwa bevacizumab. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2005 Philip Rosenfeld wa Miami alianza kuitumia jichoni, na tangu hapo imeenea duniani ingawa watengenezaji wake hawakuiandikishia macho. Hilo lisikutie hofu peke yake: Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2013 kwa ajili ya macho.

*Safari.* Nyingi. Huanza kila mwezi, kisha hupunguzwa kadiri jicho linavyokauka. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa 660 waliovimba makula, kwa kawaida mgonjwa wa Avastin alichomwa mara 10 mwaka wa kwanza na mara 6 mwaka wa pili. Mtu wa Busia anayetibiwa Kisumu na ahesabu nauli, mtu wa kumsindikiza, na siku za kazi zinazopotea. Msindikizaji si anasa, kwa sababu dawa ya kupanua mboni hukuacha na ukungu machoni kwa saa kadhaa.

*Gharama.* Ndiyo sindano ya bei ya chini kuliko zote za kundi hili, kwa sababu kichupa kimoja cha saratani hugawanywa kwenye sirinji ndogo nyingi.

*Hatari.* Kugawanya huko ndiko kunakohitaji uangalifu. Kukifanywa pasipo usafi wa hali ya juu, vijidudu huingia, na imewahi kutokea nje ya nchi wagonjwa kadhaa wakapata maambukizi kutoka kwenye kundi moja la sirinji. Una haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, sirinji hii imejazwa wapi, na lini?" Daktari mzuri hatakasirika. Kwa jumla, maambukizi ndani ya jicho baada ya sindano ni nadra, takribani mara moja katika sindano 2,000 hadi 3,000, lakini yakitokea huweza kuua jicho kwa siku chache. Jicho likiuma kwa nguvu, likawa jekundu na uoni ukashuka ndani ya wiki moja baada ya sindano, rudi siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili. Maumivu ya sindano yenyewe ni madogo kuliko watu wanavyodhani: matone ya ganzi, ayodini ya kuua vijidudu, kifaa cha kushikilia kope, na sindano nyembamba kwa sekunde chache kwenye weupe wa jicho.

*Inamfaa nani.* Mtu aliyevimba makula lakini bado anaona vizuri kiasi, anayeweza kurudi, na anayetaka fedha zake zitoshe dozi zote badala ya kuishia dozi mbili za dawa ghali.

Eylea na Lucentis

*Tatizo zinalotibu.* Yaleyale mawili. Lucentis, yaani ranibizumab, ilitengenezwa kwa ajili ya jicho na kuidhinishwa Marekani mwaka 2006. Eylea, yaani aflibercept, ilifuata mwaka 2011. Eylea hufanya kazi kama kipokezi bandia: VEGF hujibandika kwake badala ya kujibandika kwenye mshipa.

Je, zinashinda Avastin? Utafiti ule wa 2015 ulitoa jibu zuri kwa sababu uligawanya wagonjwa kwa uoni wao wa mwanzo. Waliokuwa wanaona vizuri kiasi waliongeza takribani herufi 8 kwenye ubao wa kupimia macho baada ya mwaka, dawa yoyote waliyopewa. Waliokuwa wanaona vibaya, 6/15 (yaani kwa mita 6 wanaona kile ambacho mwenye macho mazima huona kwa mita 15) au vibaya zaidi, waliongeza takribani herufi 19 kwa Eylea, 14 kwa Lucentis na 12 kwa Avastin. Kwa hiyo angalia kadi yako. Namba iliyoandikwa pale ina uzito kuliko sifa za dawa. Baada ya miaka miwili Eylea ilikuwa bado mbele ya Avastin kwa hao wenye uoni mbaya, ila pengo lilipungua, na ile tofauti na Lucentis haikuonekana tena.

Kisha mwaka 2022 ukaja utafiti mwingine unaotuhusu sana sisi ambao mfuko hauruhusu. Wagonjwa wenye uoni mbaya waliwekwa makundi mawili: wa kwanza walipewa Eylea tangu mwanzo, wa pili walianza na Avastin na kubadilishiwa Eylea pale tu Avastin ilipoonekana haitoshi. Baada ya miaka miwili uoni wao ulikuwa karibu sawa. Ni kweli kwamba takribani asilimia 70 ya macho ya kundi la pili yaliishia kubadilishiwa, lakini asilimia 30 hayakuhitaji dawa ghali hata kidogo, na yaliyobadilishiwa hayakuonekana kupoteza kwa kuanza na ya bei nafuu.

*Safari.* Zinakaribiana na za Avastin mwaka wa kwanza. Ratiba ya kawaida ya Eylea kwa makula ya sukari ni dozi tano za kila mwezi, kisha moja kila wiki nane. Ipo pia dawa mpya zaidi, Vabysmo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa hufika wiki 16 kati ya dozi moja na nyingine. Kama utaipata karibu nawe, uliza.

*Gharama.* Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa. Marekani, wakati wa utafiti ule wa kwanza, dozi moja ya Eylea ilikuwa zaidi ya dola 1,800 ilhali ya Avastin ilikuwa chini ya dola 100. Bei za kwetu si hizo, lakini mpangilio wa nani ghali na nani nafuu haubadiliki sana.

*Hatari.* Maambukizi kama sindano yoyote. Sirinji iliyojazwa kiwandani au kichupa cha mtu mmoja hupunguza ile hofu ya kugawanya.

*Inamfaa nani.* Mwenye makula iliyovimba sana na uoni uliokwisha kushuka, ambaye ana bima au familia inayoweza kulipia mfululizo wote. Familia ikichanga, ichangie mwaka, isichangie dozi moja.

Leza

*Tatizo inalotibu.* Hasa la pili, mishipa mipya. Mwanga wa leza huchoma mamia ya vidoa kwenye pembe za retina, mara nyingi zaidi ya 1,000 kwa jicho. Tishu iliyochomwa haidai tena oksijeni, kwa hiyo haiiti VEGF, na mishipa mibaya hunyauka. Tangu miaka ya 1970 tafiti za Marekani zilionyesha kwamba njia hii hupunguza upofu mkali kwa zaidi ya nusu kwa walio hatarini. Kwa makula iliyovimba ipo leza nyingine ndogo, lakini kazi yake zaidi ni kuzuia uoni usishuke. Sindano ndizo zinazourudisha.

*Safari.* Chache. Kikao kimoja hadi vinne kwa jicho, kisha kukaguliwa. Na faida yake hubaki hata ukipotea.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Mwaka 2015 utafiti mwingine ulithibitisha kwamba sindano haziko nyuma ya leza katika kudhibiti mishipa mipya, na wengi wakahitimisha kwamba leza imepitwa na wakati. Lakini katika utafiti ule wagonjwa walifuatiliwa kwa karibu. Utafiti wa Philadelphia uliochapishwa mwaka 2019 uliangalia watu walioacha kurudi kwa zaidi ya miezi sita. Macho yaliyokuwa yamechomwa leza yalivumilia. Yale yaliyotegemea sindano peke yake yalirudi yakiwa na uoni mbaya zaidi, na retina zilizobanduka zilikuwa nyingi zaidi. Sababu inaeleweka: sindano inaikamata VEGF iliyopo leo, na dawa ikiisha retina yenye njaa inaita nyingine. Leza inapunguza njaa yenyewe.

Sasa fikiria maisha yetu. Mwezi wa Machi mtu yuko shambani anapanda. Mvua ikinyesha sana, barabara ya Nyando au Budalang'i hufurika. Kuna msiba, kuna karo ya shule, kuna mgomo hospitalini. Kukosa kurudi kwa miezi sita si uzembe, ni jambo linaloweza kumpata mtu yeyote makini.

*Gharama.* Hulipwa mara chache, hivyo kwa miaka miwili mara nyingi huwa nafuu kuliko mfululizo wa sindano. Mashine haziko kila mahali na huharibika. Kabla ya kupanda matatu kwenda hospitali ya Jaramogi mjini Kisumu, Sabatia kule Vihiga, hospitali ya rufaa ya Nakuru au Moi Eldoret, piga simu uulize kama leza inafanya kazi na kama daktari wa retina yupo siku hiyo.

*Hatari.* Huumiza kidogo, wengine zaidi. Hupunguza uoni wa pembeni na wa usiku, na kilichochomwa hakirudi. Kwa mwalimu wa mchana hilo ni dogo. Kwa mvuvi wa omena anayetegemea taa ya karabai ziwani usiku, au dereva wa basi la usiku la kutoka Kisumu kupitia Nakuru, ni jambo la kumweleza daktari kabla. Leza pia yaweza kuongeza uvimbe wa makula kwa muda, ndiyo maana daktari anaweza kukuchoma sindano kwanza.

*Inamfaa nani.* Mwenye mishipa mipya anayeishi mbali, anayebadilisha makazi, au ambaye hana mtu wa kumsindikiza kila mwezi.

Steroidi ndani ya jicho

*Tatizo inalotibu.* Kuvimba kwa makula. Triamcinolone ni ya bei ya chini. Kipandikizi cha Ozurdex ni ghali zaidi. Hupunguza uvimbe wa ndani na, pamoja na hayo, kiasi cha VEGF.

*Safari na gharama.* Dozi moja hudumu takribani miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo safari hupungua. Ila lazima urudi kupimwa presha ya jicho.

*Hatari.* Huleta mtoto wa jicho na hupandisha presha ya jicho. Mwenye glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho, kwa kawaida haimfai.

*Inamfaa nani.* Aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, aliyechomwa sindano za kuzuia VEGF bila mafanikio, au aliyepatwa na kiharusi au mshtuko wa moyo hivi karibuni na daktari anasita kumpa dawa inayozuia VEGF.

Kulingana na hali yako

Ukiwa na makula iliyovimba na unaona 6/12 au vizuri zaidi, mazungumzo yako na daktari yaanze na Avastin. Ukiwa chini ya hapo na una bima nzuri, uliza Eylea. Ukiwa huna, anza na Avastin na mkubaliane mapema ni baada ya dozi ngapi mtapima tena kwa picha na kuamua kubadilisha. Jambo baya zaidi ni kungoja miezi mingi ili upate fedha za dawa bora wakati makula inazidi kuharibika.

Ukiwa na mishipa mipya bila uvimbe wa makula, na hali yako ya kurudi ina mashaka, omba leza. Ukiwa na yote mawili, njia inayofaa wengi huku kwetu ni mchanganyiko: sindano kutuliza makula, leza kulinda jicho siku ambazo hutaweza kuja. Mwambie daktari ukweli kuhusu nauli na umbali. "Daktari, kutoka kwetu Siaya kuja kila mwezi sitaweza" ni taarifa ya kitabibu sawa na kipimo cha sukari.

Mjamzito mwenye sukari asifiche ujauzito kliniki ya macho, hata ukiwa wa wiki chache. Mtoto tumboni anajengwa na protini ileile ambayo sindano inaizuia, kwa hiyo leza huwa ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Retina ya sukari pia huweza kuharibika haraka wakati wa ujauzito, basi akaguliwe mara kwa mara zaidi.

Kwa anayemuuguza mzazi: "Mama, tutakuja pamoja kila mwezi" isemwe tu kama ndugu mmeshagawana zamu. Andikeni nani anampeleka mwezi upi. Zamu zikishindikana kupangwa mezani, leza ipewe nafasi ya kwanza.

Njia yoyote utakayochagua, sukari na presha vikibaki juu retina itaendelea kukosa hewa na kuiita VEGF. Nenda kliniki ya macho ukiwa na matokeo ya kipimo cha sukari ya miezi mitatu.

Na kama tayari umeona madoa meusi yakielea ghafla, au pazia limeshuka upande mmoja wa jicho, usikae kulinganisha. Huenda damu imemwagika au retina inabanduka, na jicho hilo laweza kuhitaji upasuaji. Nenda leo kwenye kituo cha macho kilicho karibu, wakuangalie, na uwaulize ni hospitali gani ina daktari bingwa wa retina anayefanya upasuaji huo wiki hii, kisha uondoke na barua ya rufaa mkononi.